Mbwa wa miezi minane karudi kukojoa ndani, haya ndo yalonikuta na Jimi

Dadangu wa Mpeketoni, swali lako nimelisoma mara mbili manake ni kama umeandika nyumba yangu ya mwaka juzi. Mbwa dume wa miezi minane, ashajua kutoka nje tangu mdogo, sasa wiki ya tatu anakojoa sebuleni, katafuna champali za baba watoto, ukimwita anakuangalia alafu anakata mbio, wageni anawarukia mpaka watoto wa jirani hawaji tena, na baba watoto kasema mwisho wa mwezi akiwa bado yuko hivo apewe mtu wa shamba. Naomba sana msimpe mtu bado. Huyo mbwa hajaharibika, kabalehe.

Mimi niko Malindi, Maweni huku. Jimi nilimchukua akiwa na miezi miwili, mbwa wetu hawa wa kienyeji, rangi ya mchanga, sikio moja limesimama moja limelala. Kufika miezi minne alikuwa akitaka kutoka anakwaruza mlango mwenyewe na mimi nikajisifu kwa kila mtu. Miezi saba kuelekea minane mambo yakageuka, ikawa anakojolea mguu wa kochi, anakojolea gunia la mkaa, siku moja kakojolea leso ya mamangu iliyoanguka kutoka kwa kamba. Na mimi nikafanya lile wengi wetu tulilofunzwa, nikampiga, nikamsukumia pua kwenye mkojo. Nalisema wazi kwa sababu umeandika na nyinyi mmeanza kumchapa na ndipo mambo yamezidi.

Sasa sikiliza kilichotokea. Ilikuwa mwezi wa tano, mvua haikati, nikawa namtoa usiku kwa kamba nasimama naye uani chini ya mwarobaini. Dakika ishirini, nusu saa, mimi nimelowa yeye amelowa, ananusanusa, anazunguka, anataka kuchutama alafu ananitupia jicho anaacha. Tukirudi ndani, nikigeuka tu nifunge mlango, hayupo. Wiki nzima nikaamini huyu mbwa ni mkaidi. Mpaka siku moja harufu ikanizidi nikavuta kitanda cha chumba cha wageni. Uvunguni kulikuwa na mabaka, baka juu ya baka, saruji imegeuka rangi ya chai, na mkeka niliokuwa nimeukunja ukutani pembe yake imeoza imekuwa nyeusi. Jimi mwenyewe kasimama mlangoni, kichwa chini, mkia kaubana tumboni, na kabla sijasema neno akajikojolea pale pale, matone tu. Nilikaa chini sakafuni. Nikaelewa kuwa huyu sikumfunza kwamba ndani hakukojolewi, nilimfunza kwamba mbele yangu hakukojolewi, na nje nilikuwa nimemshika kamba nimesimama naye hatua mbili, atakojoa vipi?

Ule uso wa "nimekosa" tunaouona kwao ni hofu, dadangu. Anasoma sura yako na sauti yako. Mkojo wa nusu saa iliyopita hauunganishi kabisa na fimbo ya sasa hivi, anachoshika ni kwamba wewe ukikuta maji sakafuni unageuka mtu mbaya. Kwa hivo fimbo iwekeni leo, na muombe baba watoto naye aiweke, manake mmoja akiendelea kuchapa kazi ya mwingine yote inamwagika.

Alafu kabla hujaanza chochote mpeleke kwa daktari wa mifugo apimwe mkojo. Mbwa aliyekuwa ashajua akibadilika ghafla anaweza kuwa na maambukizi ya kibofu, na hayo hayafunzwi, yanatibiwa. Ukiona anakojoa kidogo kidogo mara nyingi, anajikaza, mkojo una damu, anajilamba sana pale au anakunywa maji kupita kawaida, usingoje.

Akiwa mzima, angalia mkojo wenyewe ulivyo. Hili ndilo sikulijua na lilinipotezea miezi miwili. Kama ni dimbwi, maji mengi katikati ya sebule, huyo alibanwa au hajui tena pa kwenda. Kama ni mchirizi mdogo kwenye kitu kilichosimama, ukuta, mguu wa meza, mlango, huyo anaweka alama, na madume huanza kuinua mguu umri huo huo wa miezi sita mpaka mwaka. Na kama ni matone mtu anapoingia au anapomuinamia, hiyo ni furaha au woga, wala hajui kama kakojoa, hapo kumkemea ni kumuongezea. Jimi alikuwa na zote tatu kwa zamu!

La dimbwi dawa yake ni kurudi mwanzo kabisa, kana kwamba umemleta nyumbani jana. Usione aibu kwamba ni mkubwa. Mimi nilimtoa akiamka, akimaliza kula baada ya kama robo saa hivi, akimaliza kucheza, na kabla ya kulala, na katikati kila baada ya masaa mawili, mahali pale pale uani. Kamba niliirefusha nikampa mgongo, nikawa kama naangalia simu yangu, manake alikuwa ananiogopa. Siku ya tatu nikasikia chururu nyuma yangu. Sikugeuka mpaka kamaliza, alafu nikampa dagaa mkavu hapo hapo alipo, na sauti ya furaha ya chini. Ni hapo hapo, dadangu, usingoje mrudi jikoni ndo umpe, ukimpa jikoni yeye anaona amelipwa kwa kuingia jikoni. Dagaa nilikuwa natembea nao mfukoni wiki zote hizo, nguo zangu zote zikanuka na sikujali.

Ndani nako asipate nafasi ya kukosea. Kamba yake niliifunga kiunoni mwangu nikiwa napika, nikifua, popote. Nikishindwa kumtazama anakaa pembe ya jikoni niliyoizuia kwa ubao wa kitanda cha zamani, ana gunia lake la kulalia na maji. Mbwa hapendi kuchafua anapolala, lakini sehemu iwe ndogo ya kutosha, na usimfungie masaa mengi hadi ashindwe mwenyewe. Maji usimnyime, joto la huku mnalijua, mimi namuwekea mpaka saa mbili usiku hivi, alafu saa nne namtoa mara ya mwisho.

Ukimkuta anakojoa wakati ule ule, piga makofi mara moja, sio yeye umpige, au sema "aa aa" bila ukali, mtoe nje amalizie huko. Ukikuta kashakojoa, nyamaza usafishe. Na kwenye kusafisha, tafadhali usimwage Jiki juu ya mkojo. Mkojo una amonia, vikikutana vinatoa mvuke wa sumu unaochoma kifua, na wewe una watoto wanaotambaa. Mimi nilikausha kwanza na matambara, nikaosha na siki nyeupe nusu kwa nusu na maji, ikikauka nikanyunyiza baking soda nikaiacha usiku kucha. Sakafu ya saruji isiyo na taili inafyonza, nilirudia mara nne. Ukipata sabuni ya vimeng'enya (enzyme), ile inayovunja mkojo wenyewe, wanayouza wenye dawa za mifugo ndo bora zaidi. Mkeka niliutupa, pua ya mbwa inaijua harufu ambayo wewe ushaisahau zamani, na palipo na harufu ndo choo.

La kuweka alama lilichukua muda zaidi. Nilikuja kugundua anaweka siku ambazo paka wa jirani kapita dirishani usiku au mgeni kaacha mkoba chini, basi mikoba nikawa natundika, dirisha la chini nikaziba. Kumhasi pia kulisaidia, daktari alimfanya akiwa na mwaka, kuweka alama kukapungua sana na kutorokea majike kukapungua, lakini sitakudanganya kwamba kuliondoa kila kitu, lile alilokwisha kulizoea bado ilibidi nilifunze.

Sasa hili la kumwita asije. Linauma, manake unahisi kakudharau. Kuna utafiti wa Uingereza wa 2020, watafiti wa chuo kikuu cha Newcastle waliangalia mbwa wanaolelewa kuwa waongozaji wa vipofu, wakakuta wakifika miezi minane wanamsikiliza yule anayewalea kidogo kuliko walivyomsikiliza wakiwa na miezi mitano, ila mgeni akiwaamuru wanasikia. Yani ukaidi huo wanamfanyia mlezi wao, kama kijana wa miaka kumi na minne anavyomjibu mamake alafu kwa mwalimu anakuwa mpole. Nilipolisoma hilo nilipumua. Na waliona kwamba inapita.

Mimi nilinunua kamba ya wavuvi, mita kumi, nikawa naenda naye ufuoni alfajiri maji yakiwa yamekupwa na watu hakuna. Namuacha aende, namwita mara moja tu, akigeuka hata shingo nampa dagaa na namuacha aende tena. Hiyo ya kumuacha aende tena ndo siri yenyewe. Zamani nilikuwa namwita pale tu nataka kumfunga turudi nyumbani, au nataka kumgombeza, sasa nani angekuja? Na huko ufuoni shika kamba vizuri kwa sababu ya bunju, yule samaki wa sumu. Wavuvi wanawatupa mchangani wakiwatoa wavuni, wamevimba na miiba yao, na mbwa wa umri huu anaokota kila kitu kwa mdomo. Sumu ya bunju haiondoki hata akikauka wala akipikwa. Jimi alimshika mmoja mara moja tu, nilimbadilisha kwa kipande cha nyama nikiwa natetemeka mikono, na tangu siku hiyo nikamfunza neno "acha" kila siku nyumbani kwa vitu vidogo kabla sijamrudisha pwani.

Kutafuna sitakaa sana hapo. Meno yote yashatoka kufika miezi saba lakini bado taya linataka kazi, na mbwa asiyechoka anajitafutia kazi. Champali ziwe juu. Mpe jinzi kuukuu lililofungwa mafundo ukaliloweka likaganda kwenye friji, au kumbi la nazi ukiwa unamtazama asimeze nyuzi. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe kabisa, inavunjika vipande vikali.

Kurukia watu ndo kulikoniuma zaidi ya yote. Jirani yangu ni mzee mtu wa msikiti, na alfajiri moja Jimi alitokea kwenye ua wa makuti uliotoboka akamrukia kwa furaha, kanzu nyeupe ikapigwa matope na mate mpaka kifuani. Mzee hakusema kitu, aligeuka akarudi kwake. Jioni nilienda kumuomba radhi, akanikaribisha barazani, akaniambia mwanangu mimi na mnyama sina ugomvi, ila mate yake yakinigusa ni lazima nioshe mara saba, moja yao kwa udongo, na swala ile imenipita. Sauti ya chini kabisa. Ningependelea anitukane. Kesho yake niliziba ua, na Jimi hakutoka tena bila kamba.

Nilimfunza hivi: mgeni akija, kamba naikanyaga kwa mguu, imebaki urefu wa yeye kusimama tu na sio kuruka. Akiruka tunamgeuzia mgongo wote, hakuna kumsukuma, hakuna kupiga kelele, manake kwake kusukumwa ni mchezo. Miguu yote minne ikiwa chini, au akikaa, ndo anaguswa na anapewa dagaa. Nyumba nzima lazima wafanye sawa, watoto hasa, wanangu ilibidi tufanye mazoezi ya kusimama kama mti na mikono kifuani. Ilichukua kama wiki tisa. Sasa mzee akipita Jimi anakaa getini mwenyewe, na mzee anasimama kwa mbali anamuuliza hali.

Huko kwenu pia majirani ni mchanganyiko kwa hivo kalivalie njuga hili, nenda kaongee na wazazi wa hao watoto. Na hakikisha chanjo ya kichaa cha mbwa iko sawa, ya kwanza ni miezi mitatu alafu kila mwaka, na mtoto yeyote akikwaruzwa na jino osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano kamili alafu hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wenu.

Lile wazo la baba watoto la kumfunga mnyororo mchana kutwa, mwambie nilijaribu siku kumi. Alibweka mpaka sauti ikakauka na nilipomfungua ndo akawarukia watu zaidi.

Kwetu ilichukua wiki sita mpaka nikapata wiki moja kavu. Katikati aliharibu tena mara mbili tatu, na utulivu wenyewe uliingia akikaribia mwaka na nusu, mashepadi na mbwa wengine wa aina kubwa wanaweza kufika miaka miwili. Muombe baba watoto asihesabu mwisho wa mwezi huu, ahesabu wiki sita kutoka siku mtakayoacha fimbo.

Niambie kwanza ni dimbwi au ni mchirizi, na ni saa ngapi hasa anafanya, na nani anakuwa nyumbani wakati huo, tuanzie hapo.