DokuWiki kugoma kuandika kwenye folda ya data

Ndugu yangu, umesema DokuWiki, programu ya kuendeshea wiki, inalalamika kuwa haiwezi kuandika kwenye folda ya data, ukaweka ruhusa za faili 777 na bado una wasiwasi. Una haki ya kuwa nao. Iondoe leo hii: 777 inamruhusu kila mtumiaji wa seva kugusa kurasa zako, na DokuWiki haina hifadhidata, kila ukurasa ni faili la maandishi humo humo.

Kasoro yako ni mmiliki wa faili. Matokeo ya amri ls -l uliyobandika yanaonyesha "root root", yaani faili ni za msimamizi mkuu wa seva, ilhali Apache (programu inayotoa kurasa za wavuti) ya Ubuntu inaendeshwa na mtumiaji www-data. Ingia kwenye folda ya wiki, kisha mpe www-data umiliki na urekebishe ruhusa:

sudo chown -R www-data:www-data data conf
sudo find data conf -type d -exec chmod 755 {} +
sudo find data conf -type f -exec chmod 644 {} +

Ukimaliza usanikishaji, futa install.php.

Halafu, nakuomba usiliruke hili, fungua data/pages/wiki/dokuwiki.txt kwenye kivinjari, kupitia anwani ya wiki yako. Ukiyaona maandishi badala ya kukataliwa, Apache haisomi .htaccess (faili la masharti linalozuia folda hiyo kusomwa na watu wa nje): weka AllowOverride All kwa folda ya wiki kwenye mipangilio ya Apache, kisha uiwashe Apache upya.