Matunzo Yamepunguzwa Baada ya Talaka

SWALI: Mahakama ilitoa talaka na kuamuru mtalaka wangu anipe matunzo kila mwezi, lakini sasa anapunguza apendavyo akidai mshahara wake umeshuka. Je, nahitaji wakili tena?

JIBU: Ndiyo, dada yangu, na usichelewe. Amri ya mahakama haibadilishwi kwa kauli ya mtu mmoja. Anayeona kipato chake kimepungua hana budi kuiomba mahakama iirekebishe. Tafuta wakili aliyezoea mashauri ya ndoa, umpelekee nakala ya hukumu pamoja na taarifa za benki, ukiwa umezungushia kwa kalamu kila mwezi uliopunjwa. Usimfiche mapato yako, kwani upande wa pili utayauliza. Makubaliano ya ada yaandikwe kabla hujatia saini.