Usawa wa Afya kwa Mwanafunzi wa Udaktari: Anzia Wodini

Fomu za ufadhili siku hizi haziachi kuuliza: umejitoa vipi kwa ajili ya usawa wa afya, yaani kila mtu kupata huduma inayomfaa bila kujali lugha, rangi au pesa zake? Wengi hujaza maneno makubwa. Lakini mwanafunzi wa udaktari hapa Moshi ana kitu ambacho daktari bingwa mwenye wagonjwa kibao hana, nacho ni muda. Akiutumia vizuri wodini, hatakosa la kuandika.

Lugha kwanza, maana makosa mengi huanzia hapo. Mama wa Kimasai kutoka Simanjiro au Longido anaweza kuelewa Kiswahili cha mnadani, akakwama ukimuuliza mkojo unaunguza tangu lini. Msalimie "takwenya", atakuitikia "iko". Mzee wa kiume ni "sopa". Kisha tafuta mkalimani mtu mzima, ikiwezekana muuguzi anayejua Kimaa. Mtoto usimtumie, hata kama ndiye pekee aliyesoma. Mume au mkwe asitafsiri maswali ya uzazi, magonjwa ya zinaa au kipigo, kwa sababu mgonjwa atatoa jibu ambalo halitamletea balaa nyumbani. Mkalishe mkalimani ubavuni mwa mgonjwa, mtazame mgonjwa mwenyewe, na uulize jambo mojamoja. Mama akieleza dakika mbili nzima, kisha wewe ukaambiwa tu "anasema hapana", usiandike hapana kwenye faili. Omba uambiwe yote aliyosema, neno kwa neno.

Dozi nayo ina mitego. "1×3" juu ya bahasha ya dawa haimwambii kitu mtu asiyesoma, na yupo atakayemeza vitatu kwa mpigo asubuhi. Sema: kimoja saa 12 asubuhi, kimoja saa 8 mchana, kimoja saa 4 usiku. Halafu mwombe akuoneshe kwa vidonge vyenyewe kiganjani. Kumuuliza "umeelewa?" hakusaidii, nani atamwambia daktari hapana?

Vitabu vingi vya tiba vina picha za ngozi nyeupe. Kwa wagonjwa wetu, tafuta umanjano kwenye weupe wa jicho, upungufu wa damu ndani ya kope la chini na viganjani, na ubluu wa kukosa oksijeni kwenye ulimi na ndani ya midomo. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni usikiamini kupita kiasi: mwaka 2020 watafiti wa Michigan, Marekani, walionesha kwamba kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 zaidi kuliko kwa weupe. Kikisoma asilimia 93 huku mgonjwa anahema, hesabu pumzi kwa dakika nzima na mwite mkubwa wako.

Figo pia. Kanuni ya CKD-EPI, inayokadiria utendaji wa figo kwa kreatinini (taka ya misuli inayopimwa kwenye damu), katika toleo la mwaka 2009 ilizidisha matokeo ya mtu mweusi kwa 1.159, figo zikaonekana nzima kuliko zilivyo. Toleo la 2021 liliondoa kizidisho hicho, kwa hiyo angalia programu ya simu yako inatumia lipi kabla ya kupanga dozi. Na kwa mgonjwa aliyekonda sana, kreatinini ya chini isikufurahishe. Huenda ni misuli iliyokwisha.

Mgonjwa mwenye ualbino, hata akija kwa malaria, kagua midomo, masikio, shingo na migongo ya mikono. Kidonda kisichopona hapo huenda ni saratani ya ngozi, kinataka daktari wa ngozi, na Moshi ndiko yanakotengenezwa mafuta ya kujikinga na jua ya Kilisun.

Pesa ulizia siku ya kwanza. Ana bima? Nauli ya kurudi ipo? Wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza, wajawazito na watoto chini ya miaka 5 wana msamaha kwenye vituo vya serikali, lakini hospitali za mashirika ya dini zina utaratibu wao. Mfikishe ofisi ya ustawi wa jamii mapema, kwa sababu mara nyingi itatakiwa barua ya serikali ya kijiji, na ndugu wa kuifuata yuko mbali na mtandao wa simu unasumbua. Ukingoja siku ya ruhusa, mgonjwa aliyepona atabaki kitandani kwa sababu ya deni, na kila siku deni linakua.

Tarehe ya kliniki nayo usiipange kwa kalenda yako. Muulize mnada wa kwao ni siku gani, maana vijiji vingi hupata gari siku hiyo tu.