Pingu: katuni ambayo bibi alitufasiria

Mkuu, umeuliza kama ipo katuni ya watoto ambayo ukiirudia ukubwani bado inakushika, au ni utoto tu unaotudanganya. Kwangu ipo, na mwezi huu nimeitazama karibu kila usiku na binti yangu wa miaka mitano. Ni Pingu, yule pengwini wa plastisini.

Nilikutana nayo Tanga, nyumbani kwa bibi, kwenye mkanda wa video aliokuja nao mjomba. Mikanda mingine yote ilikuwa ya Kiingereza, na kila baada ya dakika mbili bibi anauliza, "Kasemaje huyo?" Tukianza kumweleza, yanayofuata yanatupita. Ilipowekwa Pingu, kibao kikageuka. Mle hamna Kiingereza wala lugha ya taifa lolote, ni maneno ya kubuni yanayopanda na kushuka kama watu wanaoongea chumba cha pili. Basi bibi ndiye akawa mkalimani wetu. "Mamake anamwambia akae ale, aache mchezo." Na siku babu yake Pingu alipotoa akodiani kumfundisha mjukuu, bibi, mtu wa taarab haswa, aliweka ungo wa mchele chini akasogeza mkeka karibu na runinga.

Ile lugha nimekuja kuijua asili yake ukubwani. Katuni ni ya Uswisi, aliibuni Otmar Gutmann, ikaanza kuonyeshwa mwaka 1990. Katika vipindi vyote vya mwanzo, hadi mwaka 2000, sauti ni za mtu mmoja tu, Mtaliano Carlo Bonomi, aliyefariki 2022. Baba, mama, Pingu, mdogo wake Pinga, hata Robby yule sili (mnyama wa baharini), wote ni yeye. Mimi miaka yote nilidhani ni kundi zima la waigizaji. Sasa nikifumba macho nisikilize tu, namsikia mtu mmoja anafoka, anajitetea, analia, kisha anabembeleza, na hakuna hata neno moja la kamusi.

Kipindi kilichonikamata zaidi ni kile anachotoroka nyumbani. Pingu analeta utundu mezani, wazazi wanakasirika, anachapwa, naye anatoka zake. Giza linaingia, na barafu zinaanza kuonekana kama mazimwi. Nilipokuwa mdogo macho yangu yote yalikuwa kwa Pingu peke yake kule nje, na wazazi wake niliwachukia. Safari hii nilijikuta nawatazama wao. Dakika chache tu nyuma walikuwa na haki yao, mtoto kamwaga adabu mezani. Sasa wanahangaika gizani kumtafuta, na ile haki haiwasaidii kitu. Wiki chache kabla nilimfokea binti yangu kwa sababu ya chakula, akaondoka kimya. Tulimtafuta kama robo saa, kumbe yuko kwa jirani nyuma ya mlango. Robo saa ile ndiyo iliyo mle ndani, na kipindi chenyewe ni cha dakika tano hivi.

Hapo ndipo naona tofauti yake na katuni nyingi. Wazazi mle si mapambo. Baba ni mtu wa posta, anapeleka barua, anarudi kachoka. Mama ana kazi za nyumba zisizoisha. Pinga anapoanguliwa kwenye yai, Pingu anaona wivu kabisa, kama mtoto yeyote aliyewahi kuletewa mdogo. Hakuna anayetoa hotuba ya maadili, maana hakuna lugha ya kuitolea.

Kwa mwenye mtoto mdogo: kipindi cha ndoto, kitanda kinapotembea na mnyama mkubwa wa kutisha kutokea, kitazame kwanza mwenyewe. Mimi kiliniogofya hadi nikawa nalala miguuni kwa bibi, na hata sasa sijakiweka mbele ya binti yangu.

Vipindi vya 2003 hadi 2006 vilitengenezwa Uingereza, sauti zikiwa za David Sant na Marcello Magni. Ni vizuri, ila mimi nabaki na vya zamani. Kile cha Japani cha 2017 kimefanywa kwa kompyuta na hakikuniingia. Nataka kuona udongo ukikandwa, mdomo ukivutwa ukawa tarumbeta.

Juzi tumerudia kile cha kutoroka. Wazazi walipompata, nikamuuliza binti yangu baba anasema nini. Bibi zamani alitufasiria hivi: "Anamwambia asirudie tena." Binti yangu akasikiliza kidogo, akasema, "Anamwambia samahani." Nikarudisha nyuma, tukasikiliza tena.