Kabla hamjapanda boti Mkoani: kwa wanaokwenda kongamano la optiki, elimu ya mwanga na lenzi, mara ya kwanza

Wadogo zangu wa Pemba na Unguja, kabla ya nguo na viatu, hakikisheni mnajua kila picha mnayoibeba ilipigwaje.

Bango langu la kwanza kongamanoni, ile karatasi kubwa ya kuonyesha utafiti, lilikuwa na yai la kichocho, lile lenye mwiba nchani, kutoka kwenye mkojo uliochujwa. Picha safi kabisa. Chini yake niliandika: imekuzwa mara 400. Akaja mtafiti wa makamo, akainama hadi pua ikakaribia karatasi. "Yai hili lina urefu gani?" Nikamwambia kama mikromita 150. "Umelipima?" Nikanyamaza. Namba hiyo nilikuwa nimeitoa kitabuni.

Ile 400 ni ya machoni pa hadubini. Picha ikishachapwa kwenye bango la sentimita 119 imekuzwa upya, na namba ile haisemi kitu tena. Bwana yule hakunicheka. Alivuta kiti akanielekeza. Chukua slaidi ya kupimia, yenye milimita moja iliyogawanywa vipande 100, kila kipande mikromita 10. Ipige picha kwa lenzi ileile na kamera ileile, hesabu kila kipande kina pikseli ngapi, yaani vidoti vinavyounda picha, kisha chora mstari wa kipimo ndani ya picha yako. Picha ikikua, mstari nao unakua. Hiyo ni kazi ya nusu saa, imalizeni nyumbani.

Bango lichapisheni kwenye kitambaa. Linakunjwa kama kanga na kuingia begini.

Kuhusu nauli, ulizieni ICTP ya Trieste, Italia, kituo cha kimataifa cha fizikia alichokianzisha mwanafizikia wa Pakistani Abdus Salam mwaka 1964. Kwa miaka mingi kimeendesha mafunzo ya optiki majira ya baridi, na husaidia baadhi ya washiriki kutoka nchi kama yetu. Ombeni mapema, maana viza haina haraka.

Mihadhara mingine itawapita, msivunjike moyo. Faida kubwa mimi niliipata wakati wa chai, nilipouliza habari ya kuvu inayoota kwenye lenzi zetu kwa unyevu wa huku. Mama mmoja kutoka nchi ya joto kama yetu akaniambia: weka lenzi kwenye kabati lenye balbu ya zamani, ile inayotoa joto, na usiizime. Niliporudi Chake Chake nilimwita fundi siku ya pili yake. Lenzi tulizonunua baada ya hapo bado ni safi. Mkipita, njooni mlione kabati lenyewe.