Jibu: Stabu za Excel kwa Python (makepy) – huo mstari wa Offset utakuponza

Mkuu, acha kwanza. Hiyo skripti ya Python uliyobandika, ya kuandika malipo kwenye Excel, usiiendeshe kwenye faili la kazi, hata kwa kujaribu. Juu umeandika `EnsureDispatch` (amri ya win32com ya kuishika Excel kutoka Python, na huzalisha stabu kama hazipo), chini yake `seli.Offset(0, 1).Value = malipo`, halafu unauliza eti stabu, yaani faili za Python zinazoorodhesha amri za Excel, uzizalishe kwa makepy (zana ya win32com ya kuzitengeneza) au uache zijizalishe zenyewe, na uziweke Git pamoja na msimbo wa mradi au usiweke. Hayo yatakuja. Huo mstari wa Offset umeutoa kwenye makro ya VBA, lugha ya ndani ya Excel, kama ulivyo, na mimi ulishaniponza.

Nilikuwa naisaidia SACCOS ya kazini. Mwisho wa mwezi mweka hazina analeta makato, mimi naingiza kwenye Excel: kolamu C akiba, D rejesho la mkopo. Nikajiona mtaalamu mzima siwezi kuchapa namba kwa mkono. Skripti ikawa rahisi tu: shika seli ya akiba ya mwanachama, sogea kolamu moja kulia, andika rejesho. Kwenye VBA `Offset(0, 1)` ndiyo kazi yake hiyo.

Stabu zikishazalishwa, habari ni nyingine. Offset kwenye Excel ni sifa (property) yenye vigezo viwili vya hiari, na Python haina namna ya kuipa sifa vigezo. Kwa hiyo makepy inakutengenezea fankisheni ya pembeni, `GetOffset`. Ukiandika `seli.Offset`, unarudishiwa seli ile ile, haijasogea popote. Mabano yako `(0, 1)` ndiyo yanakwenda kuisomesha hiyo seli kama vile umeita `Item(0, 1)`, yaani kuchagua seli kwa namba ya mstari na ya kolamu, na Item inahesabu kuanzia 1. Kwa Item, (1, 1) ni seli yenyewe. (0, 1) je? Ni seli ya juu yake, kolamu ile ile. Umesimama C5 unadhani unaandika D5, kumbe umeandika C4.

Rejesho la kila mwanachama likakaa juu ya akiba ya aliyemtangulia kwenye orodha. Hakuna kosa lililojitokeza, hakuna maandishi mekundu, `wb.Save()` ikahifadhi kwa adabu zote. Kolamu D ilikuwa bado na namba za mwezi uliopita, kwa hiyo kwa macho kila kitu kimejaa vizuri. Kilichoonekana ni kichwa tu: mwanachama wa kwanza alikuwa mstari wa pili, hivyo palipokuwa na neno "Akiba" pakawa na 45000. Mweka hazina akapiga simu, mbona kichwa kimekuwa namba? Mimi fundi nikaona ni kidole cha mtu kimeteleza. Nikaandika "Akiba" upya kwa mkono, nikatuma faili kwenye kundi la kamati.

Yaliyotokea mkutanoni siyasimulii yote, humu kuna watoto. Mama mmoja mwenye akiba ya milioni na ushee alijikuta na elfu themanini, tena si zake, ni rejesho la jirani yake wa chini kwenye orodha. Siku zote alikuwa ananiita "mwanangu". Siku ile nikawa "wewe". Tulirudishia akiba kwa stakabadhi za karatasi, moja moja, maana faili lilikuwa hilo hilo moja na nakala ya zamani sikuweka. (Ndiyo, najua. Msinianzie.)

Na yule bwana wa video aliyetufundisha kwamba EnsureDispatch ni Dispatch (amri ya kawaida ya kuishika Excel, isiyozalisha stabu) iliyochangamka, badilisha neno tu ili majina yajijaze yenyewe ukichapa! Nilimweleza kwenye maoni yaliyonikuta. Akaniwekea alama ya moyo. Moyo!

Kwa hiyo: stabu zalisha mwenyewe, kisha FUNGUA FAILI USOME kabla hujagusa seli ya mtu.

`python -m win32com.client.makepy "Microsoft Excel 16.0 Object Library"`

Halafu `import win32com; print(win32com.__gen_path__)` itakuonyesha zilipo. Ndani utakuta faili linaloanza na 00020813. Ni refu, usiogope, tafuta tu `def Get`. Kila jina utakalolikuta lina Get mbele, litumie hivyo hivyo: GetOffset, GetResize, GetAddress. Resize nayo ni msaliti yule yule: `Resize(3, 2)` unategemea eneo la mistari mitatu kwa kolamu mbili, unapewa seli moja. Address angalau inapiga kelele, inakwambia 'str' haiitiki. Ni heri hiyo.

Na usidhani ukirudi kwenye `Dispatch` ya kawaida umepona. Ikikuta stabu zipo kwenye gen_py, hiyo folda zinapokaa, inazitumia vilevile, bila kukuambia. Ukitaka kuzikwepa kweli andika `win32com.client.dynamic.Dispatch`, ila hapo majina ya namba za Excel kama `constants.xlUp` usiyategemee, utaandika -4162 mwenyewe. Siku gen_py ikianza kulalamika kuhusu CLSIDToClassMap, futa folda yote uzalishe upya.

Git usiziweke, weka hiyo amri ya makepy kwenye maelezo ya mradi, basi.

Sasa fungua kitabu kitupu cha Excel kwa EnsureDispatch, si hilo faili lako, uendeshe hii (`ws` ni karatasi yake):

`print(ws.Range("C5").Offset(0, 1).GetAddress())`
`print(ws.Range("C5").GetOffset(0, 1).GetAddress())`

Ya kwanza itakupa $C$4, ya pili $D$5. Bandika hapa ulichopata, ndipo tuongelee hayo malipo.