Mwalimu, wanachora ramani ya kijiji chetu na mimi niko Kayole

SWALI: Mwalimu habari yako. Mimi ni mtu wa Tana River, kwetu ni kando ya mto huko chini ya Garsen, lakini saa hii niko Kayole napiga kazi ya matatu, huu ni mwaka wa sita. Juzi mathe amenipigia akasema kuna watu wamekuja na chifu, wanataka wanakijiji wakae siku tatu wachore ramani ya kijiji wao wenyewe, ati kwa mchanga na majivu na majani kama watoto, halafu hio ndio itatumika kupanga ardhi. Mimi hapo nikashtuka. Ardhi hupimwa na savea, sio mamangu na jivu. Halafu naskia wafugaji pia wameitwa, na wao watachora malka zao, zile njia za mifugo kwenda kunywa maji, zikipita kwa mashamba yetu mpaka mtoni. Nikimwambia mathe asiende nitakuwa nimekosea?
Konda wa Kayole

JIBU: Utakuwa umekosea sana, na ningekuwa wewe ningetafuta mtu wa kunishikia gari hizo siku tatu nipande basi mwenyewe.

Sio eti woga wako ni wa kijinga. Ramani imewahi kula ardhi ya watu hapa Kenya, wakati wa mkoloni mtu alikuwa anakaa ofisini anavuta laini, mahali pa malisho ya kiangazi anapaita patupu kwa sababu siku aliyopita hakuona ng'ombe. Sasa wewe unataka laini ivutwe tena na mamako hayuko?

Twende kwa jivu. Watu wanaanza chini kwenye mchanga kwa sababu pale kila mtu anaweza kufuta. Ukimpa mzee kalamu na karatasi kubwa, anaiachia kijana aliyesoma, na yule kijana ndiye anayejua kidogo kuliko wote. Kwa mchanga kijiti ni mto, majani ni msitu, punje za mahindi ni nyumba, na mama ambaye hajawahi kushika ramani anasimama anasema hapana, hicho kisima mwezi wa pili huwa kimekauka, tunaenda kule. Ndio maana wanaoendesha zoezi hili vizuri huwatenga watu kwanza, wanaume kivyao, akina mama kivyao, wafugaji kivyao. Wanaume watakuchorea mpaka, barabara, msikiti, shule. Akina mama watachora njia ya kuni, mahali pa kuchota maji bila kuogopa mamba, mboga za porini. Ukiweka hizo ramani mbili kando kando utadhani ni vijiji viwili, na hapo ndio mazungumzo yenyewe huanza, hayo mengine ni kunywa chai tu.

Halafu haiishii hapo. Kinachokubaliwa kinahamishiwa kwenye picha kubwa ya setilaiti, watu wanatembea mipaka na GPS mkononi, wanarudi baada ya muda na ramani iliyochapishwa ili muikosoe. Wakiondoka na karatasi wasirudi, hao ni wa kutiliwa shaka.

Na inafika mbali. Mwaka 2006 huko Nessuit, upande wa mashariki wa msitu wa Mau, Waogiek, jamii ya kale ya msitu huo, walijenga msitu wao mzima kwa karatasi ngumu zilizopangwa tabaka juu ya tabaka kufuata miinuko, sentimita moja ikiwa mita 100, wazee wakapachika pini na nyuzi kuonyesha mito na ardhi ya kila ukoo. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya haki za binadamu kule Arusha iliwapa ushindi dhidi ya serikali ya Kenya. Sisemi ile modeli ndio ilishinda kesi, hapana, ila watu waliokwisha kuionyesha nchi yao hivyo si rahisi kuwaambia hawakuwa hapo. Hata hapa mjini, Kibera ilikuwa kama doa tupu kwa ramani nyingi hadi 2009 vijana wa hapo hapo walipozunguka na GPS.

Sasa malka, na hapa ndio nadhani hasa umeandikia. Konda, msipochora malka, ng'ombe watakunywa maji hewani? Kiangazi kikikaza watakuja mtoni tu, iwe iko kwa ramani ama haiko. Mapigano ya wakulima na wafugaji huko Tana River 2012 tunayakumbuka wote, siasa iliingia ndio, lakini maji na njia ya kufikia maji vilikuwa katikati ya ile damu. Malka isiyochorwa inapita popote, iliyochorwa mnaweza kuibana, ipite wapi, upana gani, miezi gani, na mahindi yakiliwa nani analipa. Waambie waandike hayo pembeni ya ramani na pande zote mbili ziweke sahihi.

Ila usidanganyike, ramani hio sio taitodi, yaani hati ya kumiliki ardhi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, kama jamii yenu haijasajiliwa basi ardhi inashikiliwa na kaunti kwa niaba yenu, na kaunti haina ruhusa ya kuiuza. Mkisajiliwa, mkutano wa jamii yote ndio wenye neno, kamati ni ya watu 7 hadi 15 mnaowachagua, na jamii yenyewe inaweza kutengeneza mpango wake wa matumizi ya ardhi na kuupeleka kaunti uidhinishwe. Ramani ndio inawapa cha kupeleka, na savea akija mtamwonyesha njia badala ya yeye kuwaonyesha. Na mtu asimwambie mathe kwamba yeye aliolewa tu hapo, hio sheria inamhesabu aliyeoa ama kuolewa kuwa mwanajamii.

Kitu cha mwisho, sio kila kitu kichorwe. Makaburi, mahali pa kafara, dawa za miti, wazee waamue. Picha ikishaingia kwa kompyuta ya mtu huwezi kuifuta kwa mguu kama jivu. Na kopi kubwa ibaki kijijini, waulize itakaa kwa nani kabla hawajafungua kalamu.

SWALI: Naweza kutumia ramani ya simu kuweka bikoni, ile alama ya mpaka wa ploti, jirani amehamisha yake?
Mama Pipeline

JIBU: Hapana mama. Hata mahali wazi simu hukosea mita kadhaa, na kwa ploti yako mita tano ni jikoni na choo. Bikoni huwekwa na savea mwenye leseni, na kuihamisha ni kosa la jinai, kwa hivyo piga picha ilipo sasa kabla hajairudisha usiku.